Divai Nyeupe ya Kwenye Tembe

Ukitaka kununua divai nyeupe katika mji wenye jua kama Dodoma, usianze kwa kutazama chupa. Tazama paa. Hilo nililijua nikiwa bado kijana, enzi za Mjerumani, wakati reli ilikuwa imefika karibuni tu na mji wenyewe ulikuwa stesheni, boma, maduka machache na vumbi lililozunguka kutwa nzima kama ng'ombe waliokosa mchungaji.

Sikulisoma darasani. Shule niliiacha mapema, kule kwetu upande wa milima ya Kibakwe, nilipoona nimeshajua kusoma na kujumlisha na kwamba yaliyobaki yangepatikana njiani. Lakini kabla ya kuondoka niliwekwa miezi kadhaa kutunza ghala ya padre mmoja, Mfaransa, mtoto wa wakulima wa zabibu. Kwao walikuwa wakimletea kasha la divai nyeupe, naye hakuruhusu mtu mwingine alishike isipokuwa mimi, kwa sababu nilikuwa namchosha kwa maswali na alipenda kuyajibu. Alinitajia hata jina la zabibu yenyewe, Chardonnay, akanitamkisha mpaka akaridhika. Alinionyesha jinsi chupa inavyolazwa ili kizibo kisikauke. Aliniambia divai ni kama mtu mwenye homa: haipendi jua, haipendi kutikiswa, na ukiipeleka mbio itakufa mikononi mwako. Siku moja tulifungua chupa ambayo wapagazi waliiacha juani kambini. Ilikuwa na rangi ya chai, na ilinuka kama ndizi zilizosahauliwa gunia moja na siki. Padre alinipa kijiko nionje, kisha akanipa kijiko cha nzima. Tangu hapo sikuhitaji kuambiwa tena.

Baada ya hapo nikazurura. Niliswaga ng'ombe mpaka Kilosa, nikauza chumvi, nikashika mnyororo wa wapima ardhi waliokuwa wakitangulia mbele ya reli. Nilikuwa siwezi kuona mtu anafanya kazi nisiyoijua nikapita bila kusimama. Ndivyo nilivyofahamiana na yule mpishi.

Alikuwa Mrangi kutoka milima ya Kondoa, mtu mzima kidogo kuliko mimi, kwa hiyo nilimwita kaka. Alimpikia Mjerumani mmoja aliyesimamia mafundi wa stesheni. Nilipita nyuma ya jiko lake nikamwona anapaka mafuta kanga aliyechinjwa, nikauliza kwa nini anampaka kabla ya kumtia chumvi, naye akanijibu kwamba wenye haraka hula mbichi. Nikaketi. Kuanzia hapo kila nilipokuwa Dodoma nilikula kwake, na yeye alinitumia kama mtu anavyomtumia mdogo wake, yaani bila kuniuliza.

Alikuwa na mke Kondoa. Mahari yalikwisha kulipwa, ndoa ilikwisha kufungwa, lakini baba mkwe alikataa kumtoa binti mpaka mume awe na mahali pa kukaa. Mzee huyo alisema hakumzaa mtoto wake ili akalale chini ya behewa. Mpishi alikuwa amepata chumba nyuma ya nyumba ya bwana wake, chumba kizuri chenye mlango wa mbao, na alikuwa akijiandaa kwenda kumchukua mkewe, ndipo habari zikaja kwamba bwana wake anahamishwa. Reli ilikuwa inasonga kuelekea Tabora, naye alitakiwa aifuate. Atakayeingia katika nyumba ile alikuwa Mjerumani mwingine, na huyo alikuwa na mpishi wake wa siku nyingi aliyebaki pwani akingoja kuitwa. Akiitwa yule wa pwani, chumba kingekuwa chake.

Bwana wa zamani hakuwa mtu mbaya kwa mpishi wake. Alimwambia: mgeni atafika, Jumapili mchana atakula hapa, mpikie vizuri, akipenda nitamweleza habari zako. Kisha akampa rupia mbili akanunue divai nyeupe, na akamwonya mambo mawili. Isiwe ya kumwaibisha mbele ya mgeni, na asimrudie kuomba nyongeza, maana mshahara ulikuwa bado.

Jumapili asubuhi mpishi alinifuata chini ya mnyaa nilikokuwa nimelala, akanitikisa mguu.

"Wewe uliyekaa na mapadre," akasema, "pombe ya Wazungu unaijua?"

Nikamwambia naijua kuliko wengi wao. Nilikuwa naongea hivyo siku zile, na mara nyingi ilikuwa kweli.

Yeye alikuwa Mwislamu wa kushika dini. Alikuwa amewapakulia Wazungu divai miaka mingi bila kutia hata tone mdomoni, na hilo halikuwahi kumsumbua, kwa kuwa chupa zilinunuliwa na bwana mwenyewe. Safari hii alikabidhiwa kununua kitu ambacho hakijui, hawezi kukionja, na ambacho kingeweza kumfukuza mke wake kabla hajafika. Alinieleza haya tukiwa tunatembea, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeelezea ugonjwa.

Duka la kwanza lilikuwa la Mgiriki, karibu na stesheni. Lilikuwa duka la kupendeza. Lilikuwa na dirisha la kioo, na nyuma ya kioo chupa zilisimama mstari, karatasi zake zimeandikwa kwa dhahabu, jua linazipiga tangu asubuhi. Mpishi alisimama akazitazama kama mtu aliyefika mbele ya msikiti mkubwa. Mimi nilitazama juu. Mabati. Niliingia, nikahisi joto likinishukia utosini. Nikaomba kushika chupa moja, nikaielekeza mlangoni kwenye mwanga. Rangi yake ilikuwa ya chai, ile ile niliyoikumbuka. Kizibo kilikuwa kimepanda juu kidogo, kimeisukuma nta, na ubavuni mwa shingo palikuwa na mchirizi mkavu unaonata. Ilikuwa imechemka ikatapika.

Bei yake ilizidi rupia tulizokuwa nazo, lakini mwenye duka alisema kwa ajili ya bwana wetu angepunguza ziwe mbili. Mpishi alianza kufungua fundo la kanzu. Nikamshika mkono.

"Hii imekufa, kaka."

"Mbona imevaa vizuri?"

"Maiti nao huvishwa."

Alicheka bila kutaka, na Mgiriki akatutoa nje.

Nilimpeleka kwa Mhindi, njia ya kuelekea Makole. Mhindi huyo alikuwa akijenga duka la mawe, na wakati likijengwa alikodi tembe la Mgogo mmoja akaweka bidhaa humo. Watu walimcheka. Walisema tajiri gani anauza vitambaa kwenye zizi la mbuzi. Lakini mimi nimelala katika matembe tangu kuzaliwa na najua yalivyo. Paa ni bapa, la magogo na udongo mzito, kuta ni za miti iliyokandikwa, na ukiingia mchana jua likiwa katikati unahisi kama umeingia mtoni. Bibi yangu alihifadhi siagi humo na haikuyeyuka. Kama kulikuwa na divai nyeupe nzima Dodoma nzima, ilikuwa chini ya udongo ule.

Ilikuwepo. Mhindi aliitoa kwenye kona ya ndani kabisa, chini ya magunia ya karanga, ambako makasha yalikuwa yamelazwa kwa sababu tu hapakuwa na nafasi ya kuyasimamisha. Alizitoa chupa kwa aibu. Mchwa walikuwa wameingia wakala karatasi zote, wakaacha michirizi ya udongo kwenye vioo. Hakuna Mzungu aliyetaka kununua chupa isiyo na jina, akasema, na yeye mwenyewe hajui tena ipi ni ipi. Kwa rupia moja na nusu nichague ninayotaka.

Nilichuchumaa nikazikagua kwa furaha ambayo sikumwonyesha. Nyingi zilikuwa ndefu na nyembamba kama shingo ya korongo, na hizo ni za Wajerumani wenyewe. Zina utamu, na bwana wa mpishi alikuwa amezizoea. Lakini tatu zilikuwa na umbo jingine: nene chini, mabega yakiteremka taratibu mpaka shingoni. Ndizo chupa za padre. Nikachukua moja nikaipeleka mlangoni. Rangi ilikuwa ya majani makavu ya mtama, angavu, na divai ilikuwa imejaa mpaka karibu na kizibo.

"Hii," nikasema.

Mpishi aliitazama ile chupa chafu, ya udongo, isiyo na hata herufi moja, kisha akanitazama mimi.

"Una hakika?"

Nilikuwa na hakika. Lakini kwetu hakuna mtu anayenunua pombe kwa macho. Mwanamke aliyepika hukuchotea kwenye kibuyu, huanza kunywa yeye mwenyewe mbele yako ili ujue hakukusudii mabaya, kisha anakupa wewe uonje, ndipo mnaongea bei. Hata ngoma iwe kubwa namna gani, kibuyu hakipiti mkononi mwa mgeni kabla mwenyeji hajakinywa. Kupokea kinywaji ambacho hakikuonjwa ni upumbavu, na kumpa mtu ni tusi. Basi nikamwambia Mhindi anipe kizibuo.

"Ukifungua umenunua," akasema.

"Wewe hunywi kwanza?"

"Mimi nianze kunywa vya duka langu, nitakula nini?"

Nikafungua. Kizibo kilitoka kimelowa nusu, kama inavyotakiwa. Nilimimina kidogo kwenye kifuniko cha sufuria, nikanywa, nikasimama pale mlangoni nimefumba macho, na ghala ya padre ikanijia yote na mawe yake. Mpishi alikuwa ananiangalia mdomo. Nikamwambia alipe.

Kosa lilionekana tulipofika jikoni, na si mimi niliyeliona. Mpishi alifuta udongo kwenye chupa, akaifunga kwa kitambaa kilicholowa, akaitia kwenye mtungi wa maji mahali penye upepo. Aliponyanyuka alinigeukia.

"Nitamwambia nini kuhusu kizibo?"

Sikumwelewa.

"Ndugu yangu, umekaa na padre mmoja. Mimi nimekaa na Wazungu wa reli watano. Mtumishi akileta mezani chupa iliyofunguliwa tayari, tena imepungua, hawaulizi imeonjwa vipi. Wanaita askari. Ni viboko hamsa ishirini, na kazi hakuna."

Nikasema tuongeze maji kidogo mpaka ifike pale ilipokuwa. Nilisema upesi bila kufikiri, nikajuta kabla hajanijibu, kwa sababu padre angelia. Mpishi alisema hatampa mtu kitu cha uongo mezani, hata kiwe haramu. Nikasema basi nitaipeleka mimi mwenyewe, niseme nimeifungua mimi, wanichape mimi, kesho nitakuwa njiani kwenda kwingine. Mgongo wangu umeona mengi.

Alivuta vitunguu akaanza kukata. Kanga alikuwa motoni, na harufu yake ilikuwa imeanza kuwaita mbwa wa stesheni.

"Jiko ni langu," akasema hatimaye. "Nitasema mimi. Wewe utasimama nyuma yangu, na usifungue mdomo mpaka uulizwe."

Mchana ule walikula barazani. Bwana wa zamani alikuwa mnene na mwenye haraka. Mgeni alikuwa mrefu, mkimya, amechomwa na jua mpaka masikioni. Mpishi alitangulia na kanga, mimi nikafuata na chupa. Aliweka sahani. Kisha badala ya kurudi nyuma alisimama wima mbele ya meza, mikono ubavuni, akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu:

"Bwana, chupa hii imefunguliwa dukani. Mimi sinywi. Sikutaka kumwekea mgeni wako kitu nisichokijua, kwa hiyo nilimwambia huyu aonje. Ameonja kidogo. Kosa likiwepo ni langu."

Hakuniambia nionje. Nilifungua kwa kichwa changu mwenyewe, yeye akiwa amesimama pembeni. Nikataka kusema, nikakumbuka nilivyoambiwa.

Bwana wa zamani akawa mwekundu. Aliinuka nusu, akasema neno la Kijerumani ambalo nililijua kutoka kwa wapima ardhi. Mgeni hakuinuka. Alinyoosha mkono akaomba chupa, akaipindua, akatafuta karatasi, akaona alama za mchwa.

"Wewe," akaniambia kwa Kiswahili kizuri cha pwani, "uliionja ukaona nini?"

Hapo nilikuwa nyumbani. Nikamwambia mwanzo ni kama ubuyu, ule mweupe, mkali kidogo kwenye mashavu. Katikati kuna asali, lakini asali ya mbali, kama kibuyu cha asali kilichooshwa mara moja. Na mwisho ni kama jiwe la korongoni mvua ya kwanza ikilipiga.

"Ubuyu ni nini?"

Mpishi alikwenda jikoni akarudi na kipande cha ubuyu kwenye kisahani. Mgeni akakitia mdomoni, akakimung'unya, akakunja uso, akanywa divai. Bwana wa zamani alikuwa bado amesimama nusu, kama mtu anayeumwa kiuno.

"Ubuyu ni kweli," akasema mgeni. "Jiwe, labda. Asali hakuna."

"Iache ipate joto kidogo, bwana," nikasema. "Imetoka mtungini sasa hivi."

Wakala. Tulisimama pembeni ya nguzo, na mpishi alikuwa akitazama sahani zao kama mkulima anavyotazama mawingu ya Novemba, akihesabu kila tonge. Mgeni alimaliza paja, akachukua jingine. Alikunywa tena taratibu, akaweka glasi, akageuka kutazama upande wetu. Hakunitazama mimi.

"Asali nimeiona," akasema. Kisha akamwuliza mpishi, "Na wewe unayepika usichokula na kununua usichokunywa, huyu kanga umemtia nini?"

Mpishi akamweleza: vitunguu, karanga kidogo zilizosagwa, ndimu, na mafuta kabla ya chumvi. Hakuficha kitu. Mgeni akamwuliza anakaa wapi, ana mke, mke yuko wapi. Mpishi akajibu yote kwa ufupi, na alipofika kwa baba mkwe na habari ya kulala chini ya behewa, mgeni alicheka kwa pua. Akageuka akaongea na mwenzake Kijerumani. Maneno mengi yalinipita, lakini nilisikia pwani ikitajwa, na mpishi akitajwa, na niliona bwana wa zamani hatimaye akiketi na kujimiminia divai ile ambayo alikuwa hajaigusa.

Kabla ya kuondoka mezani mgeni alimwambia mpishi mambo matatu kwa Kiswahili, ili yasikosewe. Mpishi wake wa pwani ni mzee na hapendi vumbi. Ataachwa huko huko. Zile chupa mbili zilizobaki kwa Mhindi ziletwe kesho. Na siku nyingine akitaka kuonjewa divai, aonjewe hapa nyumbani, si dukani.

"Ndiyo, bwana," akasema mpishi.

Kwangu mimi mgeni aliniambia kuna kazi stesheni, ya kupokea makasha na kuyatunza yasikae juani. Nilimshukuru. Nikamwambia nitaifanya mpaka mvua, na mvua zikinyesha nitaona. Alinitazama kama mtu ambaye hajawahi kujibiwa hivyo, lakini nilikuwa nimesema kweli, na kwa kweli niliifanya mpaka mvua.

Tuliporudi jikoni nilimwuliza mpishi kwa nini alisema yeye ndiye aliyeniambia nionje. Alikuwa ameinama anasugua sufuria kwa majivu.

"Kama ningesema umejifungulia tu," akasema, "wangejua nimemleta kichaa mezani."

Siku ile ile, jua likiwa bado juu, alileta katikati ya ua miti minne ya mpingo aliyokuwa ameiweka kwa fundi seremala tangu zamani, na mzigo wa kamba ya katani. Akanipa upande mmoja nishike. Tukaanza kusuka kitanda, kipana kuliko mlango wa chumba, mpaka ikabidi tukiingize miguu kwanza na kumalizia kamba humo ndani, vichwa vikigonga ukuta. Kila nilipodhani kamba imekaza alinirudishia.

"Vuta," akasema. "Simjui vizuri bado, lakini najua hapendi kitanda kinacholegea. Mama yake aliniambia."